Samaki Wasiolika na Moyo wa Mama

Kazi yangu ni kufuga samaki ambao hakuna mtu atakayewala. Nikisema hivyo Kitale, watu hutikisa kichwa kwa heshima, kwa sababu Kitale ni mji wa mahindi na mtu wa mahindi hukubali upesi kwamba kuna mambo ya samaki asiyoyajua. Lakini Bungoma, kwetu, ambako mama yangu ameuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni tangu sijazaliwa, maneno hayo ni aibu kwa ukoo mzima. Kila Krismasi kaka yangu huuangalia mkoba wangu kana kwamba nimeficha tilapia ndani yake. "Sasa samaki haiwezi kuliwa," huniuliza, "ni ya nini, bana?" Nimemjibu miaka mingi na bado anangoja jibu lingine.

Ni samaki wadogo, mtu mzima wao hafikii urefu wa kidole changu cha mwisho, na wana milia ya bluu ubavuni, ndiyo maana huitwa samaki-pundamilia. Wanaishi katika chumba kimoja nyuma ya chuo ninakofanya kazi. Kwa kuwa hawawezi baridi, na Kitale ina baridi ya kutosha kila mtu, chumba chao ndicho chenye joto kuliko vyote chuoni. Mwezi wa Julai walimu waliovaa makoti mawili mawili huja kunitembelea, ati wana swali la utafiti. Huvuta kiti karibu na matangi, hunywa chai yangu, husifu samaki, kisha huondoka bila kuuliza swali lolote. Stima ikipotea hao hao ndio wa kwanza kuja kuuliza kama jenereta imewaka, na sijawahi kudhani kwamba wanawahurumia samaki.

Watafiti wa chuo hawana haja na samaki wenyewe. Wanachotaka ni mayai. Yai la samaki huyu ni dogo kama punje ya ulezi na linapenya macho kama kioo, ganda na kilichomo. Ukiliweka chini ya hadubini unamwona mtoto akitengenezwa: leo ni kidonge, kesho ana mgongo na macho, na moyo wake unapiga mbele yako, bila wewe kumkata wala kumgusa. Watu wamesomea shahada za juu kwa kuuangalia moyo huo. Kazi yangu mimi ni kuhakikisha kwamba wakifika asubuhi, mayai yapo.

Kuyapata ni kazi ya ushenga. Jioni nachagua jike mwenye tumbo la mviringo na dume mwembamba mwenye wekundu kidogo kati ya milia, nawaweka katika tangi dogo lenye tangi lingine ndani yake. Hilo la ndani lina sakafu ya matundu. Katikati nachomeka kipande cha plastiki, dume huku, jike kule. Jioni hiyo hawalishwi, ili maji yabaki safi. Taa za chumba zina saa yake. Huzima zenyewe na kuwaka zenyewe, na kwa samaki wangu hilo ndilo jua. Asubuhi zikiwaka naondoa kile kizuizi, na hapo dume huanza kumfukuza jike tangini kama kijana aliyepokea mshahara wa kwanza. Mayai hudondoka, hupita kwenye matundu, hutua chini mahali ambapo midomo ya wazazi haifiki. Lazima iwe hivyo, kwa sababu hawa ni wazazi wa ajabu: ukiwaachia mayai yao watageuka na kuyala yote, mama na baba, bila hata kuangaliana kwa haya.

Nayakusanya kwa chujio la chai. Chujio la kwanza nililinunua sokoni Kitale, nikawa nachagua lenye wavu mwembamba sana, nikiyainua moja moja kwenye mwanga, hadi muuzaji akaniuliza kama ninatarajia wageni. Nikamwambia ndiyo, na ni wengi. Baada ya kuyaosha nayaweka kwenye visahani ndani ya kabati la joto, na yale yanayogeuka meupe kama maziwa nayatoa, kwa kuwa yamekufa na yataozesha mengine.

Sasa, mama yangu.

Msimu wa mvua ndefu mama alianguka sokoni. Alianguka katikati ya magunia yake, na kabla watu hawajamfikia alikuwa ameshasimama akijipangusa sketi na kusema ameteleza. Mama ametembea juu ya omena zilizomwagika maisha yake yote na hajawahi kuteleza. Muuza viazi wa pembeni yake ndiye aliyenipigia simu. Nilimpeleka kliniki kwa vita, na daktari akaweka kile kipimo chake kifuani, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena, kisha akasema anataka mama aende Eldoret kupigwa picha ya moyo. Alisema tusikae sana.

Mama akakataa. Dada yake mkubwa aliwahi kupelekwa kupigwa picha ya ini. Kitu kikaonekana, na kabla mahindi hayajavunwa tukamzika. Kwa hesabu za mama, ile picha ndiyo iliyokileta kile kitu. "Ukitafuta omena moja mbaya kwa gunia nzima, si utaipata?" aliniambia. "Na ukishaipata, hiyo gunia nani atanunua?" Nilimweleza kwamba moyo si gunia. Akaniambia mimi nimesomea samaki wasioliwa, nisimfundishe kuhusu magunia.

Niliogopa sana. Jambo hili naliandika waziwazi kwa sababu kwetu halisemwi, kwetu tunataniana. Kila jioni nilimpigia simu nimuulize ameshindaje, naye alijibu kwamba ameshinda akipumua, je, na samaki zangu? Hospitali ya Eldoret ilikuwa imetupa siku, Alhamisi fulani, na Alhamisi hiyo ilikuwa inakuja mbio huku mama akiizungumzia kama arusi ya mtu asiyemjua.

Kilichonipa tumaini ni udadisi wake. Jioni moja katika yale maongezi yetu ya simu alitaka kujua ni nini hasa ambacho watu wazima wanaangalia katika mayai yangu.

"Moyo," nikamwambia.

"Ya samaki?"

"Ndiyo, Mama."

"Inapiga?"

"Unapiga. Unaiona damu ikiingia na kutoka."

"Na mnampasua?"

"Hatumgusi. Tunaangalia tu, halafu anaendelea kukua."

Nilisikia akifukuza kuku wa jirani. "Basi nitakuja nione," akasema. "Nikiona kwa macho yangu, hiyo maneno ya Eldoret nitafikiria. Nikikosa kuona, usiniambie tena."

Kanisa lao lilikuwa na mkutano wa kina mama Kitale, wiki moja kabla ya ile Alhamisi yetu, kwa hiyo mambo yakapangika yenyewe. Angefika Alhamisi jioni, na Jumamosi mchana angerudi Bungoma. Mimi ningewatenga samaki Alhamisi jioni, ningepata mayai Ijumaa asubuhi, na Jumamosi, kabla hajapanda gari, kungekuwa na moyo wa kumwonyesha. Yeye kulala nyumbani kwangu hakukuwezekana. Kwetu mama mzazi halali katika nyumba ya mkwewe mpaka mambo fulani ya mahari yakamilishwe, na mume wangu ni mtu mwema ambaye amekuwa akiyakamilisha polepole tangu tuoane. Mama alipanga kulala kwa mwenzake wa kanisa.

Alinijia kazini moja kwa moja kutoka steji ya matatu, na kikapu chake mkononi. Nilimwingiza katika chumba cha samaki kwa fahari, nikiwa nimepiga sakafu deki mara mbili. Alisimama mlangoni akasalimia, "Hamjambo," kisha akainama kwenye tangi la kwanza. Akatazama muda mrefu.

"Ndio hawa?"

"Ndio hawa."

"Mama yangu," alisema, na kwa kawaida huniita hivyo akinihurumia, "hata paka wa kwetu hawa wangemtia tu njaa."

Nilimwonyesha yale matangi manne niliyokuwa nimeyatayarisha benchini. Nikamweleza kuhusu dume na jike na kizuizi, na kwamba usiku huo hawali. Nilieleza vizuri, kama mwalimu. Niliyoyasahau ni mambo mawili. La kwanza, mama ndiye msuluhishi wa ndoa katika kanisa lao. Akisikia mke wa mtu amerudi kwao, chai haimshuki kooni mpaka awe amekwenda kumrudisha, na akishindwa kumrudisha humleta mume huko huko. La pili, hakuna mtu wa Bungoma, wa zamani hizo zake, anayeweza kukaa katika nyumba ya wenye njaa na kikapu chake kikiwa na chakula.

"Wamekosana?" akauliza.

"Hawajakosana, Mama. Wametengwa tu mpaka asubuhi."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akavuta kikapu chake karibu. Ningemjua mama yangu vizuri zaidi, kikapu hicho kingenitia wasiwasi. Lakini nilikwenda kumtengenezea chai, na huko jikoni mkuu wangu wa maabara akanikamata na hadithi ya funguo zilizopotea. Niliporudi mama alikuwa ameketi, kikapu mapajani, mikono juu ya kikapu, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kanisani. Taa zikajizima zenyewe. Nikayafunika matangi kwa kitambaa cheusi, gizani, bila kuchungulia. Alikunywa chai, akasema majani ya chai Kitale siku hizi hayana nguvu, akaenda zake kwa mwenyeji wake.

Asubuhi, taa zikiwa zimeshawaka, niliinua kitambaa, na cha kwanza kilikuwa harufu. Ilikuwa harufu ya utotoni mwangu. Maji yalikuwa na rangi ya maji yaliyosuuza omena, kwa sababu ndivyo yalivyokuwa. Vile vizuizi vinne vya plastiki vilikuwa vimefutwa vikakauka na kupangwa juu ya leso ya mama iliyokunjwa. Matangi ya ndani, yale yenye sakafu ya matundu, yalikuwa yamegeuzwa juu chini benchini, kama mgeni mwenye adabu anavyogeuza vyombo alivyoosha. Na samaki wangu walikuwa pamoja, mume na mke katika kila nyumba, matumbo yamewatoka, wakielea taratibu kama watu waliotoka karamuni.

Nilipitisha chujio la chai sakafuni mwa kila tangi. Sikupata yai hata moja. Nilipata vichwa vya omena, vikinitazama.

Nikampigia simu.

"Mama, umewafanya nini samaki wangu?"

"Nimewarudishia ndoa," akasema. Nyuma yake kina mama walikuwa wakiimba.

"Umewapa omena?"

"Kidogo tu. Nimeponda na vidole. Walikula vizuri sana, ati wewe unawanyima."

"Na yale matangi ya matundu? Uliyatoa ya nini?"

"Hiyo ilikuwa inawazuia kufika chini. Ni nyumba gani hiyo mtu hafiki sakafu?"

"Mama. Matundu ndiyo yanaokoa mayai. Wametaga wakala mayai yao."

Nyimbo zikaendelea. "Yote?" akauliza.

"Yote."

"Si ungeniambia," alisema mama polepole. "Mimi sikujua ni watu wa hiyo aina."

Ningecheka, na leo nacheka, lakini asubuhi hiyo alichoongeza kilinikata maini. Alisema basi, Mungu mwenyewe amekataa. Kama hakuna kitu cha kuona, hakuna Eldoret, na tulikubaliana hivyo. Alisema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Nikamwambia amefanya makusudi. Akasema mkutano unaanza, akakata.

Mkuu wangu aliingia, akasimama, akavuta pumzi kwa pua. "Leo tunapika?" akauliza. Alipouona uso wangu akachukua ndoo, akanisaidia kubadilisha maji bila neno lingine. Ni mtu wa kuudhi, lakini kwa ndoo hana mfano.

Tatizo la samaki waliokwisha kutaga ni kwamba huwezi kuwarudia kesho yake. Wanahitaji kupumzika karibu wiki nzima. Wengine waliobaki walikuwa wachanga mno, na katika kona kulikuwa na tangi la wazee, waliotumikia chuo mpaka wakapinda mgongo, ambao nilipaswa kuwastaafisha zamani na nikawa nawaonea haya. Ijumaa jioni nikachagua katika wazee. Sikuwa na matumaini nao. Nilimchomekea bibi mmoja mnene kizuizi chake nikamwambia kwa sauti kwamba anisamehe, lakini nina shida ya nyumbani.

Jumamosi asubuhi taa zikawaka, nikaondoa kizuizi, nikakaa kwenye kiti nikasubiri. Dume, babu mwenye pezi lililochanika, alianza kwa kuzunguka peke yake kama anayejaribu kukumbuka alichoitiwa. Kisha akakumbuka. Mayai yalidondoka machache, unaweza kuyahesabu kwa vidole vya familia moja, na mchana nusu yake yakageuka meupe. Mama naye akapanda gari akarudi Bungoma bila kupita kuniaga. Alituma ujumbe kwamba amefika.

Jumapili moyo ulipiga. Jumatatu ulikuwa mzuri hasa, na damu imepata wekundu. Mama alikuwa amekataa kabisa kurudi Kitale, kwa hiyo nikaamua kwamba moyo ndio utasafiri. Nilimwomba mkuu wangu ile hadubini ya zamani, isiyotumia stima, ile ya kioo cha kugeuzia mwanga wa jua.

"Unaipeleka wapi?"

"Bungoma. Nimwonyeshe mama yangu moyo."

Akaenda ofisini kwake akarudi na blanketi lake la safari ili niifungie. "Usiirudishe ikinuka," akasema.

Watoto wenyewe niliwaweka katika chupa ndogo yenye maji yao, chupa nikaivalisha soksi, na soksi nikaiweka kifuani, ndani ya sweta, mahali ambapo wanawake wa kwetu huweka kila kitu cha maana. Ndilo kabati la joto la pekee nililokuwa nalo la kusafiria. Njia nzima nilikaa wima kama niliyemeza ubao. Nilijua kwamba wakifa hawa sina wengine kabla ya Alhamisi, na kwamba baada ya Alhamisi mama atasema siku imepita na Mungu amekataa mara ya pili.

Nilimkuta nyumbani, na hakuwa peke yake. Alikuwa amemwita rafiki yake wa miaka mingi, mama mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti wa mjini, mwenye Kiswahili kilichonyooka na ulimi usiomwogopa mtu. Nadhani alimwita awe upande wake. Tulisalimiana, nikaulizwa habari za mume na za kazi, na hakuna aliyetaja omena. Niliweka hadubini juu ya stuli mlangoni, mahali ambapo jua lilikuwa linaingia, nikamtoa mtoto mmoja kwa mrija na kumtua kwenye kisahani. Alikuwa hai. Nikawashukuru kimoyomoyo, yeye na yule bibi mnene aliyemtaga.

"Mama, njoo."

"Ngoja niingize omena yangu, kuna wingu." Hakukuwa na wingu. Akatoka.

Yule rafiki akaketi mbele ya hadubini, akavuta mtandio nyuma, akaweka jicho. "Subhanallah," akasema taratibu. "Ana macho. Ni kanukta tu na kana macho yote mawili." Akaendelea kutazama. "Shoga, njoo ukaone."

Mama akaingia, akapita nyuma yetu, akaenda jikoni kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni. Akarudi, akakumbuka kuku. Alipotaka kutoka mara ya tatu rafiki yake akanyoosha mkono akamshika gauni.

"Shoga yangu, umeuza samaki umri wote huu na hujawahi kumtazama mmoja kifuani. Kaa hapa chini."

Mama akakaa. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Nilimshikia kichwa kidogo kumweka sawa, na nywele zake zilinuka moshi na mafuta ya nazi. Nikageuza kioo mpaka mwanga ukamfikia.

"Naona maji," alisema.

Nilikuwa nimeandaa hotuba yangu njiani. Nilikuwa nimwambie kwamba huyu mtoto tumemtazama tangu Jumamosi na hajadhurika; kwamba jicho halileti ugonjwa; kwamba Eldoret ni hivi hivi tu, watampaka mafuta baridi kifuani, waangalie, basi. Nikaanza. "Unaona, Mama, hasikii kitu chochote, sisi tunamwangalia tu na yeye—"

Akainua mkono mmoja ninyamaze. Ule mwingine ulikuwa juu ya goti, na kidole chake kilikuwa kimeanza kugonga, upesi upesi, kikimfuata yule mtoto.

"Mbona inakimbia hivi?"

"Ni mtoto bado. Mioyo ya watoto hukimbia."

"Lakini haikosei," mama akasema. Kidole kiliendelea. "Inapiga, inapiga, inapiga. Inapumzika saa ngapi?"

"Haipumziki, Mama."

"Hata kidogo tu?"

"Hata kidogo."

Kidole kikasimama. Mama akainua uso kutoka kwenye hadubini, akatutazama, mimi na rafiki yake, kama anayetaka kujua kama tunamdanganya.

"Yangu inapumzika," alisema. "Inapiga mara tatu, mara nne, halafu inanyamaza, kama mtu amesahau kitu kwa nyumba. Halafu inarudi mbio. Mimi nilijua ni ya watu wote."

Rafiki yake akasogea akamshika mkono.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu nikiwa na mimba yako." Alisema bila lawama, kama anavyotaja mwaka wa mavuno mabaya. "Nikafikiria ni vile mtu anakuwanga akishakuwa mama."

Hotuba yangu yote ilikuwa juu ya hofu ya mashine, na mama hakuwa na hofu hiyo tu. Alikuwa amebeba kitu kifuani kwa umri wangu wote bila kuwa na kingine cha kukilinganisha nacho. Nilianza kulia mbele ya mgeni, mtu mzima na chupa yangu ya soksi mkononi.

"Usimlilie huyo samaki," mama akaniambia, "utamtia chumvi."

Rafiki yake akacheka, mimi nikacheka na machozi yangu, na mama hakucheka. Alikuwa amerudisha jicho kwenye hadubini.

"Huko Eldoret," alisema akiwa ameinama hivyo hivyo, "hiyo picha inasimama kama ya kitambulisho, ama inatembea kama hii?"

"Inatembea. Iko kwenye TV, unaiona ikipiga."

"Nani anaangalia hiyo TV?"

"Daktari."

Mama akafikiri. "Basi waambie siku hiyo wageuze hiyo TV upande yangu," akasema. "Nimekaa na hii kitu peke yangu miaka yote hiyo. Si wao ndio watakuwa wa kwanza kuiona."

Nikamwambia nitawaambia.